Nusu ya Pili

Mwalimu Shekiondo alifunga chaki kwenye uzi,
akazungusha duara juu ya ramani ya Ngamiani.
"Ndiyo shabaha hiyo," akasema.
"Nusu ya mabomu huangukia humu."

Kitovu, barabara ya tano.
Nusukipenyo, barabara sita.
Punguza kosa kwa nusu,
ni sawa na bomu lenye nguvu mara nane.
Tukanakili, tukapiga mstari kwa rula.

Kwetu ni barabara ya kumi na nane.
Nilihesabu kwa kidole
mara mbili,
nikashusha pumzi.

Mwanamkasi akanyoosha mkono:
"Na nusu ile nyingine, mwalimu?"

Uzi ukalegea.
Akafuta ubao, duara likagoma kutoka,
na kipindi cha Kiswahili
methali ziliandikwa ndani yake.