Fimbo ya Mbali

Nyumba niliinunua kwa picha kumi na nne,
ya kumi na tano nikaambiwa inafuata.
Ipo Toledo, Ohio,
mtaa uliojengewa watu wa viwanda vya vioo.
Mimi nipo Sacramento, nyuma ya kaunta ya duka la dawa,
nahesabu vidonge vya wasiolala hadi usiku wa manane.
Sijawahi kushika kitasa cha mlango wangu.

Fundi mkuu ni Delbert Kaczmarek, sauti yake msasa.
"Bi Teague," husema, "wiki mbili tu."
Wiki mbili za Delbert hazimo kwenye kalenda yangu.

Fimbo ya mbali haiui nyoka, najua,
basi nikairefusha kwa simu.
Theluthi ya malipo kazi ikianza,
theluthi mabomba yakiingia ukutani,
ya mwisho nimeikalia kama kuku.
Nikaomba picha ya bafu. Ikaja:
vigae vyeupe, sinki linameta.
Nikaivuta kwa vidole viwili
mpaka dirishani, na nje ya dirisha
ukuta wa matofali ambao nyumba yangu haina.

"Delbert, hili bafu la nani?"
Kimya, nusu siku nzima.
"La mteja mwingine. Lako litafanana."

Tangu hapo sipokei picha isiyo na kijiko.
Kijiko kile kile, cha chai, chenye mpini uliopinda,
alichokikuta kwenye droo ya jikoni:
leo juu ya ndoo ya rangi,
kesho kwenye kizingiti,
keshokutwa kimesimamishwa ndani ya shimo la soketi.
Nasikia mafundi wananiita Bibi Kijiko.
Na waite.

Januari ikaja bili ya umeme, na chati yake, saa kwa saa.
Mchana, wa misumeno na drili, mstari umelala.
Usiku, saa tano hadi alfajiri, umesimama.
Nyumba tupu haioti moto.

Nikapiga. Delbert akakohoa kwanza.
"Ni Lonnie, mpaka rangi. Walimtolea vitu nje mwezi wa kumi na moja."
Nikaandika ujumbe: awe ameondoka Ijumaa.
Nikaandika na deni, dola arobaini na moja,
na senti zake, maana mali bila daftari huisha bila habari.
Kidole kikawa juu ya kitufe
mzee mmoja akagonga kaunta, anataka dawa ya kifua.

Usiku ule Toledo ilishuka digrii ishirini na mbili chini ya sifuri.
Kushoto kwa nyumba yangu mabomba yalipasuka,
kulia yalipasuka,
dari za watu zikaanguka na maji yake.
Alfajiri ikanifikia picha moja, haina kijiko:
bomba la jikoni limeachwa wazi kidogo,
uzi wa maji unateremka, mwembamba, hauganda;
mkono wa mtu umeshika taa karibu na ukuta;
na pembeni kabisa, bila kukusudiwa,
godoro, na jozi ya buti
zimepangwa sambamba kama za mgeni.

Nikafuta ujumbe.
Kwenye daftari nikaandika: mlinzi, dola arobaini na moja.
Nikajisikia mwema kwa muda wa chakula cha mchana.

Machi mpangaji anaingia, benki haisubiri majira.
Tangazo la kodi nilimtumia Lonnie kabla ya mtu yeyote.
Hakujibu.
Ile bei niliipanga mimi,
na mshahara wa mpaka rangi nauandika mimi;
hesabu ile sikuhitaji picha kuiona.

Jana Delbert ameleta ya mwisho, anadai theluthi yake.
Sebule. Mbao zimepigwa vanishi, kuta rangi ya maziwa,
kazi safi, sina la kusema.
Pembeni hakuna buti.
Kijiko kipo, katikati ya sakafu, peke yake.

Kimeoshwa.