Ubao wa Nyari

Asubuhi Nyevu huandika kwa chaki,
kabla wageni hawajafika Marafa kutoka Malindi mjini:
Mvua ya jana, vidole vitatu ndani ya kopo la Kimbo.
Upepo, unasukuma mgongoni.
Ukingo wa mashariki, usikanyage.

Halafu hutangulia peke yake na fimbo,
akigonga ardhi kama agongaye mlango
wa nyumba yenye mgonjwa.
Mchanga mwekundu ukiitika ndu, mzito, anapita.
Ukiitika kama mtungi mtupu,
anarudi kinyumenyume, hageuzi hata kisigino.

Mwaka juzi alikita vigingi tisa,
kila kimoja hatua moja toka mwenzake,
hadi kwenye ukingo.
Leo ni sita.
Vile vitatu hakuna aliyeviona vikienda.
Korongo halipigi hodi.

“Picha moja tu,” alisema kijana wa kamera,
“nisimame pale pale penye mwisho.”
“Mwisho ulikuwa pale jana,” akamjibu.
“Wa leo sijaujua bado.”

Kijana akacheka.
Kisha punje zikaanza, chache,
kama mchele unaopetwa na asiye na haraka,
na kipande cha ukubwa wa kitanda
kikainama,
kikafikiri,
kikaenda.

Kishindo kilichelewa.
Baada yake ikapanda harufu ya udongo mbichi,
kama kaburi, au kama shamba.
Kijana alikuwa ameshika mkono wa kanga ya Nyevu
asijue ameushika.

Alimwacha aushike.
Akahesabu kwa macho,
akarudi kwenye ubao, akafuta kwa kiganja,
akaandika: vitano.