Kijiko cha Saba

Batumi, miaka ile umeme ulipokuja kama mgeni,
bila hodi, na kuondoka bila kwaheri,
mama yangu Tsiala alipima mafuta ya taa kwa kijiko.
Vinne, hesabu za shule.
Viwili, kula na kunawa.
Cha saba kilikuwa cha ugonjwa.
Hatukuugua. Nani angethubutu?

Leo mimi ni fundi mkuu wa meli ya mita mia mbili na ishirini,
na kabla sijamaliza uji wangu wa asubuhi
nimeshachoma kile ambacho mtaa wetu usingekichoma
tangu harusi ya bibi hadi arobaini yake.
Tani thelathini na nane kwa siku.
Naziandika kwa kalamu ya bluu.
Mkono hautetemeki; umezoea.

Nje ya Santos tulikaa nangani siku ishirini na tatu
tukingoja soya, na maji ya vuguvugu
yakatuotesha ndevu chini ya tumbo.
Tulipong'oa nanga nilizisikia kabla sijaziona:
injini ikihema kama mtu apandaye ngazi na gunia,
mizunguko ile ile, mwendo pungufu,
na tani zikapanda hadi arobaini na tatu.
"Mkondo," akasema Nahodha Stamatis.
"Uchafu," nikasema mimi.
Tulibishana hadi Las Palmas.

Pale Yeray akazama na brashi zake,
akaibuka jioni, midomo ya samawati,
akamwaga sitahani konzi ya vikome,
vidogo, vigumu, bado vinafumba na kufumbua:
wapangaji wasiolipa kodi.
Rafadha aliisugua hadi ikarudisha sura yake.
Nahodha alikitazama kile kirundo muda mrefu.
Hakusema neno juu ya mkondo.

Halafu mkodi akatuma amri: kazeni mwendo, mfike tarehe kumi.
Na wakala wa Rotterdam: gati halina nafasi hadi kumi na sita.
Nikazibandika karatasi mbili ukutani, bega kwa bega.
Yaani tuivuke bahari mbio
tukapange foleni.

Siku mbili za simu. Mimi nilichora mchoro
nyuma ya karatasi ya menyu:
punguza mwendo robo, mafuta yanashuka karibu nusu,
maana maji hulipiza kisasi kwa mwenye pupa,
na riba yao ni kali.
Siku ya tatu, jibu. Neno moja. *Sawa.*

Tukashusha. Ishirini na mbili kwa siku.
Kimya kikatuingia kwenye meno.
Crisanto, mpishi, akasema supu imeacha kucheza.
Usidhani ni raha tupu: injini haipendi kunyata,
inakusanya masizi kooni,
kila siku saa moja naikimbiza ikohoe.
Katikati ya hayo nilizunguka na tochi
nikizima pampu iliyosukuma maji yasiyokwenda popote,
feni ya ghala tupu,
balbu ya chooni nyuma ya shetri.
"Chifu," kijana wa grisi akacheka,
"tunakunywa bahari ya mafuta, nawe unazima balbu?"
Nikamwambia habari za kijiko cha saba.
Aliacha kucheka, au kelele ilimeza kicheko chake.

Karibu na Finisterre simu ikashika.
Mama ana miaka themanini na mbili, nimemnunulia hita ya gesi,
bado anaiwasha kama anayeiba.
Nikajigamba: tani kumi na sita, mama, kila siku tunaokoa.
"Vijiko vingapi hivyo?"
Nikaanza kuhesabu. Nikapotea njiani.
"Na vilivyobaki," akauliza,
"mmemwekea nani?"

Upepo ukaikata simu, au niliikata mimi.
Adhuhuri niliandika: ishirini na moja nukta nane.
Nikaitazama ile nukta nane
mpaka wino ukakauka.