Mkwaruzo

Saa tatu usiku, maabara ya Chiromo ina mimi tu
na jokofu linalokoroma kama bawabu.
Nimekwaruza sahani ya seli za ngozi kwa ncha ya plastiki,
mstari mmoja katikati,
barabara isiyo na mtu.
Kila baada ya saa sita napiga picha kwa hadubini
nione ni ipi itakayotoka ukingoni kwanza.

Nyumbani Shauri Moyo baba amelala,
mkono juu ya mto.
Ni Januari, kila mzazi anataka sanduku la bati
la mtoto anayekwenda bweni.
Jumanne bati lilimteleza pale Kamukunji, likamchana kiganja
toka shina la gumba hadi chini ya kidole cha mwisho.
Odero wa kibanda cha pili,
hawajasemezana tangu Agosti
kwa ajili ya futi mbili za kivuli,
alivua shati akamfunga.
Hakusema pole. Baba hakusema asante.

Maji yakimwagika hayazoleki.
Damu huzoleka, hujizoa yenyewe:
vigandisha damu hufika mbele, vipande tu, havina hata kiini,
hung'ang'aniana penye ufa
na kutoa harufu ya kuita.
Zinazoitika huja na njaa.
Hula vijidudu, hufa kwa maelfu,
nasi huziita usaha
na kuzifuta kwa pamba.
Halafu huja zile kubwa, walaji wa maiti,
na hizo zikishiba hubadili sauti:
zilizokuwa zikisema piga
husema jenga.

Hapo ndipo ninapopapenda.
Seli za juu huachana mikono na jirani zake,
hujilaza, hutambaa.
Zile za chini, wafumaji, hutandaza nyuzi gizani
na kuvuta kingo za jeraha zikaribiane.
Hazionani. Kati yao kuna utando.
Ya juu hupeleka neno: tumekatwa.
Ya chini hujibu: zaaneni, sogeeni.
Ni kama kwetu, zamani,
Mama Nyaboke akigonga ukuta mara mbili
mama alijua chumvi imekwisha kwa jirani.

Wiki iliyopita nilizilea za juu peke yake.
Zilivuka, lakini kwa kusitasita,
kama mtu aliyesahau alichofuata chumbani.
Leo nimeziwekea wafumaji upande wa pili wa utando,
karibu, bila kugusana.
Kufikia alfajiri zimevuka nusu.
Siandiki: zimefarijika.
Naandika: asilimia hamsini na mbili.

Siku ya tisa nafungua bendeji ya baba.
Nyama changa, nyekundu, yenye chembechembe kama ndani ya komamanga,
na pembeni ngozi mpya, nyembamba, ya rangi ya lulu,
inatambaa kutoka pande zote.
"Zinasemezana kweli?"
"Zinasemezana."
"Lugha gani?"
Nikafikiria jina refu la protini,
nikamwambia, "Kubisha hodi."
Akatazama kiganja kama barua isiyo yake.

Zikikutana katikati, husimama.
Hakuna inayopanda juu ya mwenzake.
Zikigusana tu, basi, zimefika.
Nimesoma kurasa nyingi kuhusu kusimama huko
na bado sijui nani alizifundisha kutosheka.

Sasa kuna kovu.
Si ngozi ile. Halitoi jasho,
na nguvu ya zamani halitaifikia yote.
Baba amerudi kazini. Ukali wa bati
anaupima kwa mkono wa kushoto,
wa kulia haumwambii tena kila kitu.
Futi mbili za kivuli bado hazina mwenyewe.

Shati la Odero nimelifua mara mbili,
doa limebaki, hafifu, umbo la jani.
Liko msumarini nyuma ya mlango.
Kila asubuhi baba hulitoa,
hulikunja,
hulirudisha.