Tangi Limejaa

Taa nyekundu inasema: hakuna maji.
Nami nayaona, yamefika shingoni mwa tangi,
meupe, yametulia, hayana habari.
Nazima. Nawasha.
Hakuna maji.

Saa kumi na mbili na robo, Trieste bado giza,
upepo uitwao Bora, usio bora kwa lolote,
unapigapiga vibao vya dirisha,
na mimi, Nives, mwenye miaka sabini na miwili,
nabishana na sanduku la bati.

Nilianza na yale ambayo kila mtu huanza nayo:
nikachomoa tangi, nikalirudisha kwa kofi.
Nikaongeza maji juu ya maji
hadi yakatiririka mezani, yakalowesha mkate.
Kisha nikavaa miwani nikachungulia ndani:
ncha mbili za chuma zimechomoza ukutani,
fupi, kama meno ya mtoto.
Hizo ndizo macho yake.
Nikazisugua kwa siki na mswaki wa Livio,
mswaki ambao kwa miaka mitatu
sikuwa na moyo wa kuutupa
na leo nimepata kisingizio cha kuuweka.
Zikang'aa.
Hakuna maji.

Nikaufuata waya kwa kidole, inchi kwa inchi.
Haujakatika, haujaungua, haujatafunwa na kitu.
Ondina akasema kwenye simu, kutoka Graz:
Mama, nunua nyingine.
Nikamwambia mkate umelowa, nikakata.

Duilio wa ghorofa ya pili alitengeneza umeme wa meli
miaka thelathini na minane.
Alikuja na ndara, na kipima umeme ndani ya soksi.
Hakuigusa mashine. Aliinama, akanusa tangi.
Maji haya umeyatoa wapi?
Nikamwonyesha chupa chini ya sinki:
maji ya pasi, lita tano, safi kuliko machozi.
Nikamweleza habari za mashine ya kwanza,
jinsi maji ya bomba letu, yatokayo kwenye mawe ya Karst,
yalivyoijaza chokaa tumboni,
jinsi fundi alivyonionyesha mrija
uliozibika kama mshipa wa mzee.
Niliapa siku ile: hata tone moja la bomba.

Akaomba kijiko. Cha chai tu.
Akakizamisha, akakilaza juu ya ncha zote mbili.
Taa ikazima. Pampu ikakohoa.
Akakitoa: nyekundu.
Akakirudisha: kimya.
Mashine ni nzima, akasema.
Inauliza kwa jino hili, inangoja jibu kwa jino lile,
na swali lake husafiri kwa kushika vichumvi vya maji,
kama mtu avukaye kijito kwa kukanyaga mawe.
Wewe umeondoa mawe yote.
Umeyaosha maji hadi hayana la kusema.

Nikatazama jikoni kwangu.
Vigae vinavyoakisi dari. Kiti kimoja mezani,
vingine nimevipandisha stoo, visishike vumbi.
Hata Duilio alikuwa amesimama kama mtu kanisani,
anaogopa kukanyaga.

Sikusema kitu. Nilifungua bomba,
nikajaza glasi moja, nikaimimina
taratibu, kama ninayetia dawa.
Hatukuona maji kubadilika.
Lakini taa ilizima yenyewe,
bila kijiko, bila mtu,
na lile sanduku likaanza kunguruma na kupata joto.

Nimeandika kwenye chupa kwa kalamu nene:
glasi moja ya bomba, kila tangi.
Chokaa itakuja, Duilio anasema, ila polepole,
na siki ipo.

Kahawa yenyewe haikuwa nzuri.
Buni za tangu Novemba, zimekwisha harufu.
Aliinywa amesimama, akaomba ya pili,
nami nikapanda stoo kuleta kiti.