Mlango wa Wazazi

Uliletwa kwa chukudu mbili zilizofungwa pamoja,
kutoka ghala la kahawa lililofilisika karibu na bandari:
chuma tupu, kijani kimebaki pembeni tu,
na tundu moja la risasi ambalo hakuna aliyeliuliza.
Wakaupachika kwenye kituo chetu cha uzazi, huku Majengo,
juu ya saruji iliyomwagwa juu ya lava,
sakafu isiyojua imeinamia wapi.
Tangu siku hiyo ulikuwa na tabia:
ukiuacha, unarudi.
Haukimbii. Unarudi polepole kama mdai,
halafu hatua ya mwisho unairuka.
Muulize Kakule wa maabara. Kidole cha kati.

Tulijaribu jiwe. Mji huu una njaa ya vitu vingi, si mawe.
Lakini jiwe la mlima wetu ni povu lililoganda;
unaliona kubwa, ukilinyanyua linakucheka.
Mlango ulilisukuma, likakwaruza sakafu
kama mtu anayevuta kiti usiku wa manane.
Tulijaribu kabari ya mkaratusi:
mvua ikaivimbisha, jua likaikondesha,
mwisho mama mmoja wa jikoni akaipikia maharage.
Tulijaribu kamba ya mpira wa baiskeli.
Ya kamba tuyaache.

Basi nikawa mimi.
Mimi Ntaboba, sentineli wa usiku.
Kazi iliyoandikwa: kulinda lango, kuandika majina.
Kazi isiyoandikwa: machela ikija,
mgongo kwenye chuma, visigino kwenye kizingiti,
tumbo ndani, wapite.
Miaka tisa.
Nimewaona wanawake wa Goma kutoka pembe
ambayo hata waume zao hawaijui,
uso kichwachini ukipita chini ya kidevu changu.
Mmoja alinitukania ukoo mzima.
Mmoja alinishika shati, akaenda na kifungo.
Mmoja, mke wa muuza makaa, aliniuliza ni saa ngapi.
Nikamwambia: saa nane na robo.
Mtoto wake sasa anasoma darasa la tatu.
Wanamwita Robo.

Upepo wa ziwa ulipopanda, majira ya mvua,
baridi ya kile chuma iliingia mpaka mbavuni.
Nesi Kavugho akasema, "Baba, wewe si bawaba."
Nikacheka. Nilijua mimi ni nini.

Mwezi wa nne akaja Bauma, fundi wa kuchomelea wa Birere,
na kipande cha nondo, milimita kumi na mbili.
Akakikunja juu ya jiwe, lile lile lililoshindwa,
akakipa shingo ya bata.
Pete akaichomelea mlangoni. Ukuta akautoboa,
akauzika mguu wa kulabu katika saruji mbichi.
"Msiiguse siku mbili."
Dola nne, na soda.
Usiku wa kwanza nilisimama kama kawaida.
Usiku wa pili hakuja mtu.

Wa tatu, saa tisa, pikipiki, kelele.
Nikafungua. Nikainua kulabu.
Ikaingia kwenye pete kwa sauti ndogo,
kama ulimi unaokataa kitu.
Mlango ukajaribu kurudi, niliuona ukijaribu,
ukabaki pale pale.
Machela ikapita.
Na mimi nikabaki na mikono miwili.

Hakuna aliyenieleza ni ya nini saa ile.
Nikaitazama. Kisha nikashika ncha ya nyuma,
ambayo dada wa mgonjwa alikuwa akiiburuza huku analia,
na kwa mara ya kwanza nikavuka kizingiti
nikiwa nimebeba mtu,
mpaka mwisho wa korido, chini ya balbu moja,
penye saa ya ukutani iliyosimama.
Kumbe ndiyo maana yule aliniuliza mimi.

Asubuhi naipaka kulabu grisi kwa kidole.
Haina kutu. Bauma ni fundi.
Ila mgongo wangu haujapewa taarifa:
kila nikisikia magurudumu kwenye changarawe
unajinyoosha wenyewe,
unatafuta chuma.