Kisanduku Kimoja

Fomu ni ukurasa mmoja, maandishi ya buluu,
na dada wa mapokezi amenieleza mara mbili,
polepole, kana kwamba sikio langu ndilo lenye mimba:
serikali ya Ontario hulipia mmoja.
Mkunga, au daktari.
Weka alama kisanduku kimoja, mama, si viwili.

Nimeileta nyumbani ndani ya mfuko wa viazi.
Nje, Hamilton imelala chini ya theluji iliyokanyagwa ikawa kijivu,
na kile kijilima wanachokiita Mlima
(Usambara ungekitazama, ukacheka)
kimejifunga ukungu mpaka kifuani.

Shekue amerudi kutoka zamu ya usiku, kiwanda cha chuma.
Imani yake iko kwenye kitu chenye mshale na namba.
"Daktari," anasema, hata buti hajavua.
"Tanuri likizidi joto huiti mtu wa kulibembeleza.
Unaita fundi."
Namwambia mimi si tanuri.
Anatazama tumbo, anatazama chai, ananyamaza.
Namjua anachokihesabu: Kibibi, dada yake,
njia ya matope, gari lililokwama,
shuka la pili, la tatu.
Hakuna aliyemtukana mkunga usiku ule.
Hakuna aliyekuwa na pumzi.

Mama, kwenye simu:
"Usitukane wakunga na uzazi ungalipo."
Halafu papo hapo, bila kumeza mate:
"Lakini nenda kwa daktari, mwanangu, huko si wamejaa?
Mimi nilizaa kwa mkunga kwa kuwa daktari wetu alikuwa mmoja,
naye alikuwa semina."

Nimewaona wote wawili.
Dokta Venkatesan aliisugua mikono ipate moto kabla ya kunigusa.
Mpole. Dakika saba kwa saa ya ukutani.
Kila kitu kiko sawa, alisema,
na maswali yangu matatu yakarudi nyumbani ndani ya mkoba,
yamekunjwa vilevile.
Bronwyn, mkunga, alivua viatu vilivyolowa,
akauliza nakula nini, nalalia ubavu upi,
na nani alinishika mkono mara ya kwanza.
Hakuna, nikasema.
Tulikuwa watatu kitanda kimoja,
nesi akatuambia tusipige kelele.
Hakuandika kitu.
Alikaa na jibu langu mapajani
kama mtu aliyepewa mtoto wa mwenzake amshikie.

Sasa ni usiku, niko mezani, na kalamu haitembei.
Nayapima maneno.
Kwetu husema: amezalishwa.
Husema pia: amejifungua.
Amejifungua, yeye, kwa mkono wake,
kama afunguavyo fundo la hela pembeni mwa kanga,
akijua kilichomo, asijue kama kitatosha.
Kumbe lugha ilinipa visanduku viwili
kabla serikali haijachapa fomu.
Nikaweka alama.

Wiki ya thelathini na saba presha ikapanda.
Bronwyn aliipima mara tatu, mkono huu, mkono ule,
akaikunja mashine yake taratibu
na yeye mwenyewe akampigia daktari.
Sikukasirika.
Au nilikasirika, sijui na nani.
Labda na ile namba.

Na leo niko hapa, sindano mkononi,
mashine inachora vilima kwenye karatasi isiyokwisha
na Shekue anavisoma, midomo inamtembea.
Daktari wa zamu ni kijana; jina lake sikulishika,
vidole vyake vinajua kazi.
Bronwyn yupo. Faili langu limehama, kaniambia,
hana mamlaka tena humu,
ila hakuna aliyemkataza kukaa.
Kakaa kiti cha plastiki, soksi imetoboka kidoleni.
Uchungu ukija ananiinamia,
anatumia neno moja nililomfundisha,
analitamka kama mtu anayeonja chumvi:

"Uko?"

Niko.

"Uko?"

Niko. Fundo hili hapa.
Ngoja.